Lijamu na Bikari: Historia ya Majina ya Vyombo Katika Pwani ya Bagamoyo

Utangulizi

Mtafsiri akipewa kwa siku moja maandishi mawili, la kwanza likieleza vyombo vya mwanzo vya uchoraji wa kiufundi, na la pili likieleza namna ya kumchagulia farasi chuma cha kinywani, huenda akadhani kwamba la kwanza litakuwa jepesi na la pili litamtoa jasho. Vyombo vya kuchorea huuzwa katika kila duka la vifaa vya shule, lakini farasi ni wachache mno nchini, na wananchi wengi hawajapata kumgusa hata mmoja.

Akianza kazi ataona mambo yamegeuka. Kwa upande wa farasi atayakuta maneno ya kale yakimngoja: lijamu, hatamu, tandiko, kikuku. Kwa upande wa uchoraji atakuta rula na penseli, maneno yaliyoingia juzi kutoka Kiingereza, na mahali pengine atasita kabisa. Yaani kitu kisichokuwako kina jina la asili, na kitu kilichojaa madukani hakina. Makala haya yanakusudia kueleza sababu ya hali hiyo kwa kuitazama historia ya Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, na kuonyesha funzo lililomo kwa wanaotunga istilahi.

Farasi aliyepita njia

Pwani ya Kunduchi, Bagamoyo na Saadani haikuwa nchi ya farasi. Mnyama huyo aliletwa kwa vyombo vya baharini kutoka Uarabuni, akafugwa Unguja na masultani na matajiri. Safari za bara zilitegemea mabega ya wapagazi na, kwa kiasi kidogo, punda waliobebeshwa mizigo katika shogi. Ndiyo maana punda anajulikana kwa mateke yake katika methali, na aliyesema kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba si lazima awe alipanda hata mmoja.

Ushahidi mmoja watosha. Tarehe 21 Machi, 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wake wa tano na wa mwisho kwenda kumtafuta Livingstone. Safari nzima ilikuwa na punda 27 na farasi wawili, mmoja wao akiwa zawadi ya Sultani Barghash. Alipofika Kikoka, ng'ambo ya mto Kingani, aliwachunguza nzi waliowasumbua wanyama wake, akaandika majina aliyopewa na wenyeji: mabunga, panga na chufwa. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kusikia ndani yake mbung'o, kipanga na chafuo. Siku chache baadaye, huko Kingaru, farasi wote wawili walikufa. Stanley alimpasua mmoja wao akakuta tumbo limejaa minyoo, kwa hiyo hatuwezi kumtwisha mbung'o lawama ya vifo hivyo. Lakini kwa nchi ya bara kwa jumla mbung'o alikuwa kizuizi kikubwa cha farasi na ng'ombe. Na katika miaka ya 1890 David Bruce, akifanya utafiti Zululand, alionyesha kwamba ugonjwa wa nagana hutokana na vijidudu vya damu vinavyoenezwa na nzi huyo.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili: wenyeji walikuwa na jina kwa kila nzi, kwa sababu kila nzi aliwahusu wao na mifugo yao. Farasi hakuwahusu. Basi imekuwaje vyombo vya farasi vikabaki na majina?

Hatamu na lijamu

Jibu ni kwamba maneno hayo yalipewa kazi nyingine. Lijamu na hatamu yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayakuwa kitu kimoja. Lijamu ni chuma kinachokaa kinywani. Hatamu katika asili yake ni kamba ya kumwongozea ngamia, iliyofungwa puani; katika Kiswahili imekuwa kamba au ukanda anaoushika mpandaji.

Lijamu ilihifadhiwa na dini. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952 yalitumia neno hilo katika Waraka wa Yakobo, sura ya tatu, panapozungumzwa kuuzuia ulimi, na hivyo likasikika makanisani katika vijiji ambavyo farasi hakukanyaga. Hatamu ilihifadhiwa na siasa. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa ili kutamka ukuu wa TANU, na usemi wa Chama kushika hatamu ukaenea katika hotuba, magazeti na madarasa mpaka mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992. Watu waliutumia kila siku, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa farasi ili auelewe.

Lakini neno linaloishi kwa mafumbo hupoteza ncha. Kamusi kadhaa hulieleza moja kwa jingine, kana kwamba lijamu na hatamu ni visawe. Kwa mhubiri si neno. Kwa anayetafsiri maelezo ya kumtunza farasi, kama wale wa kikosi cha mbwa na farasi cha Polisi, ni hatari. Farasi ana pengo katika ufizi, baina ya meno ya mbele na magego, na lijamu hulala katika pengo hilo juu ya ulimi. Kuichagua ni kazi ya vipimo: hupimwa upana wa kinywa, kwa kijiti laini au uzi, toka pembe hadi pembe ya midomo. Ikiwa fupi itabana midomo. Ikiwa ndefu itateleza huku na huku na kumpiga mnyama. Kisha hutazamwa umbo lake. Ipo iliyo fimbo moja, ipo iliyokatwa katikati ikaunganishwa kwa kiungo, na ipo yenye mikono mirefu pembeni na mnyororo chini ya kidevu, ambayo huzidisha nguvu ya mkono wa mpandaji kama wenzo unavyozidisha nguvu ya anayeinua jiwe. Kwa hiyo twaweza kusema lijamu nyoofu, lijamu ya kiungo na lijamu ya wenzo, bila ya kukopa neno hata moja. Sharti ni kwamba kwanza turudishe mpaka: chuma ni lijamu, ukanda ni hatamu.

Vyombo vya kuchorea

Sasa tugeukie karakana. Fundi wa jahazi katika pwani hii hakuchora chombo chake kabla ya kukiunda. Mchoro ulikuwa kichwani, na vipimo vilikuwa mwilini mwake: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Uzi ulimpa unyoofu na timazi ikampa wima. Mchonga milango, ambaye kazi yake ingali inaonekana katika nyumba za zamani za Bagamoyo, alihitaji zaidi. Ua la duara juu ya mlango hupatikana kwa bikari: ukichora duara, kisha ukautembeza mguu wa bikari juu yake bila ya kuubadili upana wake, utahesabu hatua sita kamili na kupata petali sita. Neno bikari asili yake ni Kiajemi, likatufikia kupitia Kiarabu, nalo limo katika kamusi zetu.

Hapa kuna mtego wa kutafsiri. Kiingereza kina neno moja kwa chombo cha kuchorea duara na kwa chombo cha kumwonyesha nahodha kaskazini. Kiswahili kina mawili, bikari na dira, na hayajapata kuchanganyika vinywani mwa watu wa pwani. Mtafsiri anayeandika dira katika kitabu cha jiometri amemnyang'anya mwanafunzi tofauti ambayo babu zake walikuwa nayo.

Kisa cha rula ni kingine. Kiarabu kina neno mistara, maana yake chombo cha kupigia mistari; waandishi wa miswada waliliita hivyo hata bao la nyuzi walilolikandamiza juu ya karatasi ili maandishi yao yasipinde. Neno hilo lilipokaa katika Kiswahili likawa mstari, lakini likaacha kuwa jina la chombo na kuwa jina la alama kinayoiacha. Basi rula ilipoingia shuleni, kiti chake kilikuwa kimekwisha kukaliwa, ikalazimu jina la kigeni.

Hata hivyo si kila kitu kilikopwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha vijana waliokombolewa utumwani useremala na uhunzi, na kazi za namna hiyo, pamoja na shule zilizofuata, zilieneza vyombo vipya. Penseli iliitwa kalamu ya risasi kabla ya jina la sasa kulishinda. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, hesabu zilihitaji maneno kwa haraka, na yaliyofaulu ni yale yaliyojieleza yenyewe: kipimapembe, nusukipenyo, kitovu cha duara. Mtoto hahitaji kufafanuliwa kitovu ni nini.

Hitimisho

Historia hii yatufundisha kwamba neno haliishi kwa kuwapo kwa kitu chake, bali kwa kazi linayopewa. Hatamu imeishi bila ya farasi kwa sababu ilitumiwa. Kalamu ya risasi imekufa ingawa penseli zimejaa, kwa sababu iliachwa. Bikari ingali hai, lakini haitadumu ikiwa walimu wataiacha kwa mafundi peke yao na mafundi hao wakazeeka bila ya wanafunzi.

Kwa hiyo mtunga istilahi, kabla ya kubuni, aulize mambo mawili: je, neno lipo karakanani? Na ikiwa lipo, je, bado linashika maana ile ile, au limehama kama mstari na kufifia kama lijamu? Akipata jibu asiridhike na kulichapa katika orodha. Alitie katika kitabu cha darasa la tano, katika mtihani, katika fomu ya kuagizia vifaa vya ofisi. Afisa ugavi atakayeandika "bikari 40" katika hati yake ya maagizo atakuwa amelitendea neno hilo wema kuliko sisi tuliolijadili.