Fujifilm X100VI pwani ya Bagamoyo: kamera ya milioni nne inamfaa nani?

Fujifilm X100VI ilitangazwa Februari 20, 2024 kwa bei ya dola 1,599 za Marekani. Kwa hesabu ya haraka ni karibu shilingi milioni 4, na hapo bado usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa hela yote hiyo mnunuzi anapata lenzi moja tu, ambayo haitoki na haina zumu.

Kwa mpiga picha wa Bagamoyo, Kunduchi au Mbweni, anayeishi kwa harusi, mahafali na wageni wa ufukweni, suala la ubora wa picha halina mjadala mrefu. Picha zake ni nzuri. Suala ni kama hiyo milioni nne itarudi kabla chumvi haijaila kamera.

Kamera za ukoo huu si ngeni. X100 ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2011. Ile ya 2020, X100V, ilivuma TikTok hadi ikawa adimu na bei yake ya mkononi ikapanda kuliko ya dukani. Ndiyo maana X100VI ilipotoka watu wengi waliwekwa kwenye foleni ya kusubiri.

Ndani yake kuna nini

Sensa ni ya ukubwa wa APS-C yenye megapikseli 40. Eneo lake ni karibu mara tatu ya sensa kubwa kabisa zilizowahi kuwekwa kwenye simu, na tofauti hiyo huonekana zaidi mwanga unapopungua. Lenzi ni ya milimita 23 yenye uwazi wa f/2. Upana wake ni sawa na wa lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya filamu, yaani ni pana kidogo kuliko jicho linavyozoea, lakini si pana hadi kupotosha sura ya mtu.

Jambo jipya kuliko yote ni kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya mwili wa kamera. Wenyewe Fujifilm wanasema kinafika hatua 6. Kwa lugha ya kawaida, mtu anaweza kupiga picha ndani ya chumba chenye taa moja, kamera ikiwa mkononi bila miguu mitatu, na picha isitoke na ukungu. Kinachozuiwa ni mtikisiko wa mkono tu. Bi harusi akigeuza kichwa ghafla, sura yake itavurugika vilevile.

Kamera ina uzito wa gramu 521. Inaingia kwenye mkoba mdogo, na kwenye daladala ya kwenda Bagamoyo hakuna atakayejua kuna milioni nne mapajani mwa abiria.

Jua la saa saba

Hapa ndipo kamera hii inapoizidi simu, na hata kamera nyingi kubwa.

Ufukwe wa Bagamoyo mchana ni mahali pagumu kwa picha. Mchanga unang'aa, bahari inang'aa, kanzu ni nyeupe, na sura ya mtu ina kivuli cha kofia. Kamera yoyote ikiachwa ijipimie, huona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Matokeo yake kanzu inatoka vizuri na mwenye kanzu anakuwa mweusi tii, macho hayaonekani. Dawa ya kwanza ni rahisi: gurudumu la kuongeza mwanga lipo juu ya kamera, upande wa kulia, na kwa watu wenye ngozi nyeusi mbele ya mchanga mweupe kuongeza theluthi mbili hadi hatua moja kwa kawaida kunatosha.

Dawa ya pili ni fleshi. Wengi hudhani fleshi ni ya usiku, kumbe mchana ndipo inapookoa sura. Shida ni kwamba kamera nyingi za kubadilisha lenzi hazikubali fleshi ya kawaida juu ya kasi ya 1/200 au 1/250. Kwa jua kali la pwani, kwa kasi hiyo lazima lenzi ifungwe hadi karibu f/11. X100VI ina shata ya ndani ya lenzi, hivyo inakubali fleshi hata kwa kasi ya 1/1000. Lenzi inaweza kubaki f/5.6, na fleshi inahitaji robo tu ya nguvu ambayo ingehitajika kwa f/11. Betri za fleshi zinadumu zaidi, na fleshi ndogo ya bei nafuu inafanya kazi ya fleshi kubwa.

Ile fleshi iliyojengwa ndani, hata hivyo, isitegemewe sana. Mchana inamfaa mtu aliye umbali wa mita moja hivi. Kwa kundi la ndugu kumi mbele ya Boma la Wajerumani inabidi kuchomeka fleshi ya nje juu ya kamera.

Kuna pia kichujio cha kupunguza mwanga ndani ya lenzi, kinachowashwa kwa kitufe. Kinapitisha sehemu moja kati ya 16 ya mwanga. Kikiwashwa, saa saba mchana mtu anaweza kupiga kwa f/2 na kasi ya 1/500, ngalawa iliyo nyuma ikafifia na mtu akabaki peke yake mbele. Simu hufanya hivyo kwa kukisia kwa programu, na mara nyingi hukata ushungi au nywele vibaya.

Halafu kuna tundu la kuchungulia. Aliyewahi kupiga picha kwa simu juani anajua kioo chote hugeuka kuwa cha kujitazamia. Tundu la X100VI lina njia mbili: la kioo cha kawaida, linaloonyesha dunia jinsi ilivyo, na la kielektroniki. Kwa lile la kioo betri hufika takriban picha 450, kwa lile la kielektroniki kama 310. Harusi ya kuanzia nikahi hadi usiku itahitaji betri ya pili, ingawa kamera inachaji pia kwa waya wa USB-C uleule wa simu nyingi.

Kwenye mji na majukwaani

Ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kwenye milango ya nakshi na vichochoro vyake, upana wa lenzi hii unatosha. Kaole pia, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe yanayorudi hadi karne ya 13, mtu anaweza kusogea kwa miguu badala ya zumu. Lenzi inakubali kukaribia hadi sentimita 10, kwa hiyo hata nakshi ndogo inapatikana.

Shata yake karibu haisikiki. Kwenye maulidi au nikahi hiyo ni heshima kubwa. Lakini udogo na ukimya wa kamera si ruhusa. Wavuvi na mama wakaanga samaki wa sokoni wamechoshwa na kupigwa picha kama mandhari, na anayewasalimu na kuomba kwanza hurudi na picha bora kuliko anayeiba.

Kwenye maonyesho ya TaSUBa mambo yanachanganyika. Aliyekaa mbele atapata picha safi za ngoma hata kwa taa za jukwaani. Wa nyuma hana bahati. Kamera inaweza kukata katikati ya picha ili ifanane na lenzi ya milimita 50 au 70, lakini kwa 70 zinabaki megapikseli kama 10 tu. Zinatosha Instagram na hata picha ya ukutani ya wastani. Kwa sarakasi na watoto wanaojirusha majini, fokasi yake si ya haraka kuliko zote, na picha kadhaa zitakosa.

Saadani ndiyo isahaulike kabisa. Hifadhi ile inapakana na bahari na inapendeza, ila twiga aliye mita 100 kwenye lenzi hii anakuwa kijiti.

Chumvi, mchanga na unyevu

Faida ya lenzi isiyotoka ni kwamba hakuna anayeifungua ufukweni upepo wa kusi ukivuma. Hasara yake ni kwamba vumbi likishapenya, au chembe ya mchanga ikikwama kwenye lenzi, mwenye kamera hawezi kusafisha sensa mwenyewe wala kununua lenzi nyingine. Kamera nzima inakwenda kwa fundi, na siku hizo hakuna kazi. Kwa mtu anayekula kwa kamera hiyo, hilo ni zito kuliko megapikseli zote 40.

Na kuna jambo ambalo matangazo hulipitia juujuu. X100VI haijazibwa dhidi ya vumbi na manyunyu inapotoka kwenye boksi. Inazibika pale tu mbele ya lenzi inapofungwa pete ya AR-X100 na kichujio cha milimita 49. Anayenunua kwa ajili ya pwani ahesabu vitu hivyo ndani ya bei, avifunge siku hiyohiyo na asivitoe. Hata hapo kamera haijawa ya kuzamishwa: wimbi likiipiga wakati wa kushuka kwenye mashua, habari imekwisha.

Jioni, mwili ufutwe kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo ya chumvi, halafu kikavu. Mchanga upulizwe kwanza. Ukifutwa ukiwa bado juu ya kioo unakwaruza. Kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kamera ibaki ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa hivi, maana kioo baridi kikikutana na joto la Bagamoyo hutoka jasho papo hapo. Kukiwa na masika, boksi la plastiki lenye mfuniko mzuri na vipakiti vya kukausha unyevu huzuia kuvu isiote kwenye lenzi. Kabati la nguo ni mahali pabaya kuliko ufukwe.

Wenzake sokoni

Ricoh GR IV ya 2025 ni nyepesi zaidi, gramu 262, na inaingia mfuko wa suruali, lakini haina tundu la kuchungulia wala kinga dhidi ya manyunyu. Sony RX1R III, iliyotoka Julai 2025, ina sensa kubwa ya megapikseli 61 ila haina kituliza mtikisiko cha ndani ya mwili, na bei yake inazidi dola 5,000. Leica Q3 ya 2023 imezibwa kwa kiwango cha IP52 na ni tamu kweli, lakini kwa dola 5,995 za wakati ilipotoka, hiyo ni hela ya kiwanja.

Kwa anayeanza biashara ya picha na ana milioni nne tu, kamera ya mtumba ya kubadilisha lenzi pamoja na lenzi mbili ina akili zaidi, kwa sababu kifaa kimoja kikiharibika kingine kinaendelea na kazi. X100VI inamfaa mwenye kamera nyingine tayari, anayefanya kazi karibu na watu, na ambaye wateja wake wanalipia sura zao zionekane vizuri saa saba mchana. Wa video afikirie mara mbili: tundu la maikrofoni ni la milimita 2.5, si 3.5 lililozoeleka, na kurekodi kwa muda mrefu juani huipasha moto.

Ikinunuliwa ya mkononi, Kariakoo au kwa mtu binafsi, dakika kumi za ukaguzi zinatosha. Piga ukuta mweupe kwa f/16 kisha kuza picha: madoa meusi yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi la sensa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu na utafute nyuzinyuzi za kuvu. Geuza kila gurudumu na usikilize mkwaruzo wa mchanga. Washa kichujio cha ndani na uangalie kama picha inakuwa nyeusi kweli. Mwisho fungua mlango wa betri: vituo vya shaba vikiwa na ukijani, kamera hiyo imeshaonja bahari, na bei yoyote itakayotajwa ni kubwa.