Kutoka Kuni za Reli hadi Silinda za Grogan

Mwenye kipasua kuni kinachoshindwa na gogo la mkaratusi lenye mafundo ana njia mbili: anunue kingine, au aiongezee nguvu mashine aliyo nayo. Njia ya pili humfikisha kwa mafundi wa pampu, silinda na mipira ya haidroliki walio Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi hadi leo huiita Grogan, kando ya Mto Nairobi, upande wa pili wa Ngara. Kazi yao huitwa ukarabati, na jina hilo linawapunja. Kukarabati ni kurudisha kitu kilivyokuwa, lakini kuongezea mashine uwezo ni kuiwazia upya. Hoja yangu ni kwamba ufundi huu wa kuwaza upya una historia ndefu katika eneo hili, na hauelezeki kwa neno umaskini peke yake.

Historia hiyo inaanza na kuni zenyewe. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na kwa miaka mingi magarimoshi yake yalichoma kuni. Mikaratusi iliingizwa nchini mwaka 1902 hasa ili kulisha matanuri hayo. Reli ilileta pia karakana, na karakana ilihitaji watu wa kufua, kukereza na kuunga chuma. Kati ya vibarua na mafundi karibu 32,000 walioletwa kutoka India kuijenga reli hiyo, takriban 6,700 walibaki. Mji ulipogawanywa kwa misingi ya rangi, Ngara ikawa mmojawapo wa mitaa ya Waasia, na gereji na karakana ndogo zikaenea pande zile za mto. Humo vijana Waafrika waliajiriwa kushika taa, kubeba spana na kufagia chembechembe za chuma. Macho yao yakajifunza yale ambayo hakuna chuo kilichowafungulia mlango wayasome. Kenneth King alipochunguza mafundi wa Kenya katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa wale tunaowaita jua kali ilipita kwenye mikono ya mafundi wa Kihindi.

Wapo watakaosema kwamba simulizi hii inampa mgeni sifa isiyo yake, kwa kuwa Wagikuyu walikuwa na wahunzi, aturi, waliofua mikuki na mapanga kabla ya reli kufikiriwa. Ni kweli, na ndiyo maana chuma hakikuwa kitu kigeni kwa vijana wale. Hata hivyo, ufuaji haufundishi kukereza silinda mpaka sili ikae bila kuvujisha oili. Jambo hilo lilitoka karakanani, na aliyelipokea hakubaki mwanafunzi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, Waasia wengi wakaondoka, na nafasi ikafunguka kwa waliokuwa wasaidizi. Kisha zikaja enzi za vibali vya kuagiza bidhaa na uhaba wa fedha za kigeni, hadi soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tipa ya mchanga ikiharibika pampu, pampu ya aina yake ilikuwa shida kupatikana. Fundi alilazimika kutwaa ya mashine nyingine na kuuliza: inatoa oili kiasi gani, itahimili shinikizo lipi, shafti yake itaunganishwaje na injini hii? Anayeuliza maswali hayo ameshavuka ukarabati.

Kipasua kuni kinaonyesha uzito wa maswali hayo. Nguvu ya kusukuma ni shinikizo la oili likizidishwa kwa eneo la uso wa pistoni. Silinda ya kipenyo cha milimita 100, kwa shinikizo la bar 200, husukuma kwa tani 16 hivi. Ya milimita 125, kwa shinikizo lilelile, hufika tani 25. Lakini silinda pana humeza oili zaidi, kwa hiyo kwa pampu ileile kabari itatembea polepole, chini kidogo ya theluthi mbili ya mwendo wake wa awali. Dawa yake ni pampu ya hatua mbili, inayotoa oili nyingi kabari inapokwenda bila kipingamizi, kisha kidogo kwa shinikizo kubwa inapouma gogo. Hata hapo kazi haijaisha. Fremu iliyoundwa kwa tani 16 sasa inavutwa na tani 25. Nayo oili inayorudi tangini pistoni inaporudishwa ni nyingi kuliko inayotolewa na pampu, hivyo vali na filta nyembamba hugeuka vizuizi. Kugusa sehemu moja ni kuzigusa zote.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: mengi ya haya hufanywa kwa kukisia, na tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wenye shinikizo laweza kupenyeza oili chini ya ngozi na kumgharimu mtu mkono. Sikatai. Lakini kinachokosekana hapo ni kipimo. Akili ya kazi ipo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ilikwisha kusema kwamba sekta hii isiyo rasmi ya Kenya ina tija na ubunifu, na kwamba serikali ilikuwa ikiibana pale ilipostahili kuisaidia. Majaribio ya ufundi ya serikali, kuanzia daraja la 3 hadi la 1, yanathibitisha kwamba mkono uliojifunza kazini unaweza kupimwa na kupewa cheti. Tukiita kazi hii ukarabati, tutawadai mafundi bei nafuu tu. Tukiiita kwa jina lake, uhandisi, tutawadai geji ya shinikizo, hesabu ya fremu na jina la aliyeifanya kazi, nao watakuwa na haki ya kutudai mafunzo, vipimo na malipo yanayolingana nayo.