Zhao Yunlei: Bingwa aliyekimbiwa Wembley

Kila Agosti inapoingia, wapenzi wa mpira wa vinyoya hukumbushana Olimpiki ya London 2012, na karibu kila mara inayotangulia kutajwa ni aibu: wanawake wanane waliotimuliwa mashindanoni kwa kucheza ili wafungwe. Mkasa huo unajulikana. Asiyetajwa sana ni mchezaji ambaye, bila kosa lolote, ndiye aliyekuwa akikwepwa. Anaitwa Zhao Yunlei, na wiki hiyohiyo aliondoka London na dhahabu mbili.

Alizaliwa mwaka 1986 Yichang, mji wa kando ya mto Yangtze katika jimbo la Hubei. Jimbo hilo ndilo lililomtoa pia Gao Ling, aliyetwaa dhahabu ya wawili wawili mchanganyiko Sydney 2000 na Athens 2004 akiwa na Zhang Jun. Zhao alipanda ngazi hadi timu ya taifa, akaunganishwa na Zhang Nan, kijana wa Beijing aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwaka 2010 wakatwaa taji la All England. Mwaka 2011 wakawa mabingwa wa dunia, katika ukumbi wa Wembley Arena, London.

Katika mchanganyiko, mara nyingi mwanamume hukaa nyuma akipiga smashi na mwanamke hukaa mbele, hatua chache tu kutoka kwenye wavu. Makofi huenda nyuma. Kazi yenyewe mara nyingi huwa imeshafanyika mbele: kukikata kinyoya kabla hakijashuka, kumbana mpinzani mpaka akinyanyue juu, ndipo mwenzako amalizie. Hapo mbele ndipo Zhao alipojenga jina lake. Na wengi wanaocheza mchanganyiko huchagua mchezo huo mmoja. Yeye alicheza pia wawili wawili wanawake, akiwa na Tian Qing.

Mashindano ya London yalichezwa Wembley Arena, ukumbi uleule. Kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, mchezo huu ulianza kwa makundi badala ya mtoano wa moja kwa moja. Jumanne, Julai 31, Tian na Zhao walifungwa na Wadenmark Kamilla Rytter Juhl na Christinna Pedersen, wakamaliza wa pili katika kundi lao. Kipigo hicho kilivuruga hesabu za kila mtu. Wachina wenzao Wang Xiaoli na Yu Yang, mabingwa wa dunia, walikuwa bado na mechi moja. Wakishinda, wangeangukia upande mmoja wa ratiba na Zhao na kukutana naye nusu fainali. Wakifungwa, wangeweza kukutana naye fainali, na China ibebe dhahabu na fedha.

Jioni wakaingia uwanjani kucheza na Wakorea Jung Kyung-eun na Kim Ha-na. Sevu zikawa zinaishia wavuni. Vinyoya vikapigwa nje makusudi, kwa mikono ya watu wanaoweza kukilenga kinyoya kwenye mstari wakiwa wamefumba macho. Wakorea, kuona hivyo, nao wakalegeza. Mpigano mrefu kuliko yote ulikuwa wa mapigo manne. Waliolipa viingilio wakaanza kuzomea, mwamuzi akaonya, na mwamuzi mkuu, Thorsten Berg, akashuka mwenyewe uwanjani. Wang na Yu wakafungwa 21-14, 21-11, kama walivyotaka.

Mechi iliyofuata ikawa vilevile: Wakorea wengine, Ha Jung-eun na Kim Min-jung, na Waindonesia Greysia Polii na Meiliana Jauhari, kila upande ukikwepa ushindi ambao ungewapeleka robo fainali kukutana na Wang na Yu. Berg alitoa kadi nyeusi, ile ya kuwaondoa wachezaji, kisha akaibatilisha, mchezo ukaendelea.

Hapa tuseme ukweli. Mechi haikuuzwa, hakuna aliyechukua pesa. Waliikokotoa njia ya medali, na ratiba yenyewe ikawapa sababu. Lakini shabiki wa jukwaani hakununua tiketi ili aangalie hesabu. Agosti 1, Shirikisho la Badminton Duniani likaziondoa jozi zote nne kwa kutojituma kushinda. Wakorea na Waindonesia wakakata rufaa. Ya Wakorea ikatupwa, Waindonesia wakaiondoa yao. Kocha mkuu wa China, Li Yongbo, akaomba radhi hadharani.

Katikati ya vurugu hilo Zhao alikuwa akicheza, mchanganyiko na wanawake kwa zamu. Nusu fainali ya mchanganyiko ikamkutanisha tena na Christinna Pedersen, safari hii akiwa na Joachim Fischer Nielsen. Zhao na Zhang wakashinda kwa seti tatu. Agosti 3 wakawafunga Xu Chen na Ma Jin, Wachina wenzao, 21-11, 21-17. Kesho yake Zhao na Tian wakawafunga Wajapani Mizuki Fujii na Reika Kakiiwa, 21-10, 25-23. Akawa wa kwanza katika mchezo huu kutwaa dhahabu mbili katika Olimpiki moja, na hadi Paris 2024 hakuna aliyemfikia. Lakini Agosti 5 Lin Dan akamfunga Lee Chong Wei, na fainali hiyo ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu.

Mwaka 2014 na 2015 alitwaa ubingwa wa dunia katika michezo yote miwili. Rio 2016 akamaliza na shaba ya mchanganyiko, kisha akaweka raketi chini. Greysia Polii, aliyetimuliwa London, alipata dhahabu yake Tokyo mwaka 2021.

Baada ya London utaratibu ulibadilishwa: katika wawili wawili, wanaomaliza wa pili kwenye makundi huingizwa kwenye kura, ili asiwepo wa kupanga atakutana na nani. Kura hiyo huelezwa kuwa dawa ya udanganyifu, na ni kweli. Ila iliwekwa kwa sababu mabingwa wa dunia waliona afadhali wazomewe na ukumbi mzima kuliko kukutana na Zhao Yunlei kabla ya fainali.