Mkanda wa kubana paja baada ya upasuaji wa mfupa: unasaidia nini, na kwa nini usijifunge mwenyewe

Msikilizaji wetu mmoja, dereva wa bodaboda aliyevunjika paja na kuwekewa chuma, ametuandikia. Ameona kwenye simu video ya mchezaji wa mpira akifanya mazoezi ya mguu huku amefungwa mkanda juu kabisa ya paja. Anauliza kama yeye naye anaweza kujifunga mpira wa baiskeli akafanya vivyo hivyo nyumbani. Jibu la haraka ni hapana, asijaribu. Lakini swali lake ni la maana, kwa sababu mkanda ule si mapambo wala uganga. Ni tiba ya kweli inayotumika hospitalini katika nchi kadhaa, nasi tunaona inafaa kuielewa.

Tuanze na mguu wenyewe. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa paja au goti huona ndani ya wiki chache kwamba paja limepungua, na suruali inapwaya upande mmoja. Wengine hudhani mshipa umekatwa au mguu unapooza. Mara nyingi sivyo. Msuli usiofanya kazi hunywea, na msuli wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti, huathirika sana. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kuonyesha mfupa umeunga vizuri, huku mwenye mguu bado anashindwa kuchuchumaa, kupanda kilima au kubeba ndoo ya maji.

Ili msuli urudishe nguvu unahitaji kubebeshwa uzito. Kwa kawaida wataalamu hulenga karibu asilimia 70 ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu. Tuseme mguu wako unaweza kunyanyua kilo 30: mazoezi ya kukuza nguvu yatakuwa ya kilo 21 hivi. Lakini mfupa ambao haujaunga sawasawa, au goti lililorekebishwa majuzi, haliwezi kubebeshwa mzigo huo. Mgonjwa anabaki njia panda: akisubiri, msuli unaisha; akilazimisha, anaharibu kazi ya daktari.

Hapo ndipo mkanda unapoingia. Mgonjwa akifungwa mkanda, hufanya mazoezi kwa uzito wa asilimia 20 hadi 30 tu, yaani kilo 6 hadi 9 katika mfano wetu. Mkanda wenyewe unafanana na ule wa kupimia presha, ila ni imara zaidi, na unajazwa upepo kwa kipimo. Hubana kiasi cha kupunguza damu inayoingia mguuni na kuzuia sehemu kubwa ya damu inayotaka kurudi juu. Msuli unakosa hewa ya kutosha, unachoka upesi, unawaka. Mwili nao unaitikia kana kwamba umebeba mzigo mzito, na nyuzi kubwa za msuli, ambazo kwa uzito mdogo zingebaki zimelala, zinaitwa kazini.

Mazoezi yenyewe hufuata hesabu. Wataalamu wengi huanza na marudio 30, mgonjwa anapumzika sekunde 30, kisha anafanya 15, mara tatu. Jumla ni marudio 75, kwa siku mbili au tatu za wiki. Mkanda hukaa dakika chache tu, kisha hulegezwa.

Njia hii ilianzia Japani. Yoshiaki Sato anasimulia kwamba mwaka 1966, akiwa kijana, alikaa kwa magoti muda mrefu kwenye ibada ya Kibudha, akahisi misuli ya miguu inawaka kama ya mtu aliyetoka mazoezini. Akaanza kujijaribu kwa mikanda, na njia yake akaiita kaatsu. Baadaye ilifika Marekani, ambako hospitali ya jeshi iliyoko San Antonio, Texas, iliitumia kwa askari walioumia miguu. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 ulilinganisha wagonjwa wa goti: waliotumia mkanda na uzito mdogo walipata nguvu karibu sawa na walionyanyua uzito mkubwa, na maumivu ya goti yalikuwa machache. Si tafiti zote zilizoona faida hiyo. Tena tuseme wazi kwamba mkanda ni kwa ajili ya msuli. Asitokee mtu kukuuzia kwa ahadi kwamba utaunga mfupa haraka.

Sasa, kwa nini si mpira wa baiskeli? Kwa sababu dawa yote iko kwenye kipimo. Mtaalamu kwanza hupima ni mbano gani unaozima kabisa damu katika mguu wako, halafu hutumia asilimia 40 hadi 80 ya mbano huo. Paja nene na paja jembamba havibanwi sawa. Mpira mwembamba unakata kama kamba, unaumiza mishipa ya fahamu, na hakuna anayejua umezuia damu kiasi gani. Ni hatari ileile ya kukaza kamba mguuni mtu anapoumwa na nyoka, jambo ambalo nalo wataalamu hulikataza.

Wapo pia watu ambao hata hospitalini wanaweza kukataliwa mkanda: aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa ya ndani, mjamzito, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye kidonda kibichi, na mwenye kisukari kilichoharibu mishipa. Mwenye selimundu atajwe peke yake, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Kwake, kupunguza hewa kwenye damu kunaweza kuamsha maumivu makali.

Kwa msikilizaji wetu, yapo mazoezi yasiyohitaji mkanda, mradi daktari wake hajayakataza. Akae amenyoosha mguu, aweke khanga iliyokunjwa chini ya goti, aikandamize kwa goti huku akikaza paja, ahesabu hadi tano, kisha aachie. Achezeshe kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi kwa siku. Akiruhusiwa, anyanyue mguu ulionyooka kidogo kutoka kitandani na kuushusha polepole. Yanaonekana madogo, lakini ndiyo ambayo wengi huyaacha wakishatoka wodini.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma na kuwa la moto, aende hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, asisubiri hata saa moja. Na siku ya kliniki aulize mambo mawili kabla hajaondoka: naruhusiwa kukanyagia mguu kwa uzito kiasi gani, na kuanzia lini? Aombe majibu yaandikwe kwenye kadi yake, ili mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakayemwona baadaye ayakute.