Nani alikupa lile shamba? Historia ya wazee waliohama kutafuta uhuru



Katika mkutano wetu uliopita swali moja lilirudi mara tatu, na mara zote tatu mkutano ulinyamaza. Swali lenyewe: tukirudi kule, tutakuwa huru? Wenye kuuliza walikuwa jamaa waliotoka kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala mwezi wa pili 2025, wakati kambi za kando ya Goma zilipofungwa kwa siku chache tu. Wamoja wamesharudi Masisi na Rutshuru. Wengine wako hapa mjini kwa ndugu, watu kumi na wawili katika chumba kimoja cha mbao. Na wengine wanatafuta mahali pa tatu, mbali na kijiji na mbali na Goma, ambapo hakuna mtu anayewajua.

Sisi tunaotembea kila siku katika vijiji tunajua kwamba swali hilo si la chakula peke yake. Watu wanauliza: salongo ya nguvu bado iko? Nitalipa jetoni ili nifike katika shamba langu mwenyewe? Mavuno nitagawanya na nani? Mimi mjane, nitapewa shamba bila shemeji kusimama mbele yangu? Ndiyo maana tumeona vizuri kuandika kidogo juu ya wazee waliouliza maswali hayo hayo mbele yetu, tuone walienda wapi na walipata nini.

Tuanze na jirani yetu, Rwanda. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walikuta kazi ambayo mkulima alimfanyia chefu bila malipo, yaani uburetwa. Hawakuiondoa. Waliongeza juu yake kazi yao wenyewe, akazi: barabara, kupanda kahawa, kupanda miti, kubeba mizigo. Chefu ambaye watu wake hawakumaliza kazi alionja fimbo, naye akarudisha fimbo ile kwa mkulima. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya franka. Halafu njaa kubwa ya 1928 na 1929 ikapita.

Watu wakaanza kutembea. Walienda kwa mguu mpaka Uganda, nchi ya Waingereza, makumi ya maelfu kwa mwaka, kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Waganda. Njaa na kodi viliwasukuma, ni kweli. Lakini walikimbia pia fimbo na kazi ya bure. Kule Buganda mtu alikuwa kibarua, analala vibaya, anadharauliwa, lakini siku ikiisha anapewa pesa mkononi na pesa ile ni yake. Kwa mtu aliyetoka katika akazi, jambo hilo halikuwa dogo.

Kuna jambo lingine la Buganda ambalo tungependa mlishike vizuri. Mwaka 1928 ilitoka sheria kule iliyoitwa sheria ya busulu na envujjo. Iliweka kikomo cha kile ambacho mwenye ardhi anaweza kumdai mkulima anayekaa juu yake, na ikamkataza kumfukuza ovyo. Kwa hiyo mgeni aliyeanza kama kibarua, akavumilia miaka michache, akapata kibanja chake, alikuwa na kitu cha kusimamia. Mwenye ardhi akikasirika asubuhi, mkulima hakuamka njiani jioni. Hatusemi kwamba wageni wote walifika pale, wala kwamba Uganda ilikuwa raha tupu. Mwaka 1982, upande wa Ankole, maelfu ya Banyarwanda walifukuzwa katika nyumba zao, wengi wao wakiwa wamezaliwa pale pale. Lakini ile sheria ya 1928 inatuonyesha kwamba uhuru wa mgeni unaweza kuandikwa, na ukiandikwa unadumu kuliko wema wa mtu mmoja.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1937 Wabelgiji waliunda ofisi ya kuhamisha Banyarwanda, iliyojulikana kwa herufi MIB. Walitaka kupunguza watu Rwanda ambako ardhi ilikuwa imebana, na walitaka mikono ya kazi kwa mashamba makubwa ya wazungu hapa Kivu. Jamaa waliletwa Gishari, katika milima ya Masisi. Mpaka 1955 hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu kama 85,000. Waliambiwa kuna ardhi ya kutosha, kuna malisho, kuna maisha mapya. Wengi walikuja kwa hiari, kwa sababu waliacha nyuma njaa na uburetwa.

Walipata nini? Ardhi walipata, na hali ya hewa nzuri. Lakini Gishari iliwekewa chefu aliyetoka Rwanda, na mtu aliyedhani amemwacha chefu nyuma ya ziwa alimkuta mbele yake mlimani. Kodi ilibaki. Na katika Kongo yote kulikuwa na kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka tangu 1917, ambazo wakati wa vita, mwaka 1942, ziliongezwa kuwa 120. Tena, mwanakijiji yeyote hakuweza kutoka katika eneo lake zaidi ya siku 30 bila karatasi ya ruhusa ya kuhama. Mtu alihama ili awe huru, halafu akakatazwa kuhama tena.

Upande wa pili walikuwa Bahunde, wenye nchi. Mipango ya Gishari ilifanywa juu, kati ya utawala na machefu. Mkulima Muhunde aliyekuwa na shamba lake pale bondeni hakuitwa kukaa chini na mgeni wake wazungumze. Wageni walipokewa kwa amri, na kitu kilichotolewa kwa amri kinaondolewa kwa amri. Mwaka 1957 utawala ule ule ulifuta cheferi ya Gishari na kuirudisha chini ya Bahunde. Kwa siku moja, haki za ardhi za watu makumi ya maelfu zikabaki zinaning'inia.

Yaliyofuata mengi mnayajua kuliko sisi, kwa sababu ni maisha ya wazazi wenu. Vita ya Kanyarwanda katika miaka ya 1960. Sheria ya 1972 iliyowapa uraia wale waliokuwa Kivu kabla ya 1960, halafu sheria ya 1981 iliyowanyang'anya. Katikati, sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, bila kumaliza swali la mashamba ya kimila, na wenye pesa na marafiki mjini wakapata makaratasi ya milima mizima yenye watu juu yake. Mwaka 1993 Masisi na Walikale ziliwaka. Wenyeji walilia, wageni walilia, na kila upande ulikuwa na ukweli wake juu ya lile shamba.

Wengine walitafuta uhuru katika mji. Tangu 1931 Wabelgiji walikuwa na sheria ya vituo vya mjini ambavyo havikuwa chini ya machefu wa kimila. Kijana aliyechoka na chefu, au mama aliyekataa kurithiwa na ndugu ya marehemu, alijaribu kuingia huko. Alikuta ulinzi wa usiku, karatasi na polisi. Kwa wanawake mambo yalichelewa zaidi. Sheria ya jamaa ya 1987 bado ilimtaka mke awe na ruhusa ya mume kwa shughuli zake za kisheria, na jambo hilo liliondolewa 2016 tu. Mama anayeuza mkaa au ndizi Virunga leo, mwenye kiwanja kwa jina lake, anatumia haki changa sana.

Tunapoweka hizi njia pamoja, tunaona kwamba umbali haukumpa mtu uhuru. Alibaki huru kadiri shamba lake lilivyokuwa na msingi: nani alimpa, mbele ya nani, kwa karatasi gani, na jirani alikubali ama alinyamazishwa. Katiba yetu ya 2006 inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa anapotaka, na inakataza kazi ya nguvu. Ni maneno mazuri, lakini mtu hayaoni akisimama mbele ya kizuizi na kuombwa jetoni.

Mama mmoja wa kundi letu alikodi shamba karibu na Sake kwa misimu miwili. Alilipa yote. Maharage yalipoanza kutoa maua, mwenye shamba alimwambia atoke. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na shahidi. Alipoteza mbegu, kazi na pesa za likelemba ambazo bado analipa. Hakufanya kosa lolote isipokuwa kuamini, kama wale wa Gishari walivyoamini.

Kwa hiyo, wanamemba, yeyote anayerudi, ama anayeenda mahali papya, asianze kulima kabla ya mambo matatu. Akae chini na majirani wa shamba, si na chefu peke yake. Aandike mapatano mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, hata kama shamba ni la kukodi. Na jina la mama liwe juu ya karatasi pamoja na la baba, ama peke yake kama ni mjane. Wafadhili wetu, mkituuliza kwa nini tunaomba pesa za safari za wazee na za kuandika mapatano kabla ya kuomba mbegu, jibu letu ni hiyo historia.

Katika mkutano ujao kila mmoja alete karatasi yoyote aliyo nayo juu ya ardhi, hata ile iliyoloana kambini. Tutazisoma pamoja.