Nusu, robo, thumuni

Majina ya sehemu za namba katika Kiswahili (nusu, theluthi, robo, sudusi, thumuni) yana asili ya Kiarabu. Namba za Kibantu huhesabu vitu vizima: moja, mbili, tatu, nne. Kitu kikikatwa, Kibantu kina kipande, upande na fungu, maneno yasiyotaja kiasi.

Kiarabu huunda majina haya kutokana na namba yenyewe: arbaa ikazaa rubu, thamania ikazaa thumni. Nisfu peke yake haikutokana na mbili. Waswahili wakazipa irabu, zikawa robo, thumuni na nusu.

Mlango wa kwanza wa maneno haya ulikuwa mirathi ya Kiislamu. Sura ya An-Nisaa ya Qurani, aya ya 11 na 12, inataja nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mjane ambaye marehemu mumewe ameacha mtoto hupata thumuni, asipoacha, robo. Pwani, mtu asiyeyajua maneno haya hakuijua haki yake.

Mlango wa pili ni soko, na huo ndio uliofika bara hadi Ufipa, ambako Wakristo ni wengi na mirathi haigawanywi kwa hesabu hiyo. Sokoni Laela, kando ya barabara ya Tunduma–Sumbawanga, mtu hununua nusu debe la mahindi au robo kilo ya maharage. Theluthi ya kilo haombi mtu, kwa sababu mawe ya mizani hupungua kwa nusu: kilo, nusu, robo. Mizani ndiyo iliyochagua maneno ya kubaki. Theluthi huko imehifadhiwa na darasa la hisabati.

Saa nayo imetupa kasorobo, yaani kasoro robo. Kibengali kina neno la namna hiyohiyo, poune, kutoka Kisanskriti pada na una: kupungukiwa robo. Pada ni mguu, na mnyama ana minne. Wabengali wana hata neno moja la moja na nusu, der, na jingine la mbili na nusu, arai. Sisi tunaunganisha kwa "na".

Thumuni ina historia ya peke yake. Katika Zanzibar ya karne ya 19, thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale, sarafu ya fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika bara mwaka 1921, jina likahamia kwenye sarafu ya senti 50, ambayo ilikuwa nusu ya shilingi.