Kuamusha bongo kwa sauti, bila kupasua kichwa: ni kitu gani?

Wamama wengi wanajua ekografi. Munganga anapitisha kamashini kadogo ku tumbo na sura ya mutoto inaonekana. Mashini ile inatumia sauti ya juu sana, yenye kupita mitikisiko 20 000 kila sekonde, ambayo sikio la mutu haliwezi kusikia. Sasa watafiti wa Marekani na wa inchi zingine wanajaribu kutumia sauti ya namna ile kusudi kuamusha ao kutuliza sehemu fulani ya bongo, bila kisu.

Inafanya kazi namna gani?

Fikiria kioo kinachokusanya mwangaza wa jua mpaka karatasi inaungua. Mashini nayo inakusanya sauti zikutane fasi moja ndani ya bongo, fasi ndogo ya milimetre chache. Mufupa wa kichwa unapunguza nguvu ya sauti na kuipotosha njia. Ndiyo sababu wanatumia mara nyingi mitikisiko karibu 500 000 kila sekonde, wakati ekografi inatumia milioni 2 na zaidi.

Pale sauti zinakutana, seli za bongo zinasukumwa kidogo na kazi yao inabadilika. Wengi wanafikiri kama musukumo ule unafungua vimulango vya seli, lakini mabishano hayajaisha.

Faida ni hii: sumaku inayotumiwa kuamusha bongo inafikia zaidi sehemu za juu juu. Nyaya za umeme zinafika ndani, lakini lazima kutoboa kichwa. Sauti inafika ndani bila kutoboa.

Nini imekwisha kuonekana?

Katika miaka ya 1950, ndugu wawili, William na Francis Fry, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walielekeza sauti ndani ya bongo. Wakati ule ilikuwa lazima kutosha kwanza kipande cha mufupa.

Mwaka 2014, watafiti wa Virginia Tech walielekeza sauti ku sehemu ya bongo inayosikia mikono. Watu waliojaribiwa wakatofautisha vizuri zaidi vitu vyenye kugusa vidole vyao. Walipohamisha sauti sentimetre 1 tu, matokeo yakapotea.

Mwaka 2016, ku Los Angeles, kijana wa miaka 25 aliyekuwa anatoka ndani ya koma alipewa sauti ile. Siku zilizofuata akaanza kujibu ndiyo ao hapana kwa kutikisa kichwa. Lakini mutu mumoja hatoshi: pengine alikuwa anapona mwenyewe, na watafiti wenyewe walilisema.

Usichanganye

Mwaka uleule 2016, Marekani iliruhusu sauti kutumiwa kwa ugonjwa fulani wa kutetemeka mikono. Pale sauti ni ya nguvu na inachoma kabisa fasi ndogo ya bongo. Fasi ile hairudi tena. Kuchoma na kuamusha si kitu kimoja.

Na kwetu?

Mashini ya ekografi ya hopitali yetu haifanye kazi hii. Mutu akikuambia ataponyesha kifafa ao kupooza kwa kukupitisha ekografi ku kichwa, chunga franga zako. Kuamusha bongo kwa sauti kungali ni kazi ya utafiti, na nguvu ya sauti ikizidi inaweza kuumiza. Mugonjwa wa kifafa asiache dawa zake kwa sababu ya habari kama hizi. Azungumuze kwanza na munganga wake.